Ukinyoosha picha ya Michenzani, unakata nini?

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Haitakimbia, kwa hapa Unguja tutaikuta pale pale tulipoiacha. Nataka tuzungumzie picha zilizopinda. Zile picha ambazo jengo limeinama kama linataka kulala, bahari inamwagikia upande mmoja, na wewe mtazamaji unajikuta umegeuza shingo. Kwenye vyumba vya habari kazi ya kuzinyoosha hutupiwa yeyote aliye karibu na kompyuta. Kubofya mara mbili tatu, picha imekaa sawa, twende ukurasa mwingine.

Mimi naona kazi hii ina historia ndefu, na kwa watu wa Ng'ambo historia yenyewe inagusa mpaka nyumba zao.

Kamera ilifika Zanzibar mapema. James Augustus Grant, yule aliyefuatana na Speke kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha hapa mjini mwaka 1860, na moja ni ya soko la watumwa. Baada yake akaja Dk. John Kirk wa ubalozi wa Waingereza, naye alikuwa na kamera. Kisha zikaja studio za Wagoa, A.C. Gomes na Coutinho, ambazo kadi zao za posta za Unguja zimesambaa dunia nzima. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwa Gomes, akafungua Capital Art Studio. Baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza.

Sasa angalia picha za wakati huo. Nyingi zimenyooka kama uzi! Si kwamba mafundi wale walikuwa malaika. Kamera ilikuwa sanduku juu ya miguu mitatu, picha ikionekana kwenye kioo cha ukungu, tena kichwa chini miguu juu. Fundi alijifunika kitambaa cheusi, akapima, akarekebisha mguu mmoja wa kamera, akapima tena. Kamera nyingi za aina hiyo lenzi yake iliweza kupandishwa peke yake bila sanduku kuinuliwa pua, ndiyo maana ghorofa za Mji Mkongwe hazikuonekana zinaangukia nyuma. Kunyoosha kulifanyika kabla ya kupiga.

Kupinda kumeletwa hasa na kamera za mkononi. Leica iliingia sokoni mwaka 1925 na filamu yake ya milimita 35, na mpiga picha akaanza kukimbia, kupanda ukuta, kunyanyua mkono juu ya vichwa vya watu. Picha ikipinda, fundi wa chumba cha giza aliizungusha karatasi chini ya mashine ya kukuzia mpaka mstari ukae. Wapo waliopinda makusudi pia. Mrusi Alexander Rodchenko, miaka ya 1920, alipiga maghorofa kwa mshazari na kutoka chini kwenda juu, na akasemwa sana kwa ajili hiyo. Ukimnyooshea Rodchenko picha zake, umemfuta.

Halafu kompyuta. Photoshop, iliyoanzia kwa ndugu wawili Thomas na John Knoll, iliuzwa kwa mara ya kwanza Februari 1990. Humo kuna rula: unachora mstari kwenye kitu unachoamini kimenyooka, programu inahesabu nyuzi na kuizungusha picha nzima. Picasa ya Google, iliyositishwa 2016, ilirahisisha zaidi kwa kukupa kitufe cha kusogeza na miraba juu ya picha. Leo simu yoyote inafanya hivyo ukiwa ndani ya daladala.

Kwenye hayo maneno "unachoamini kimenyooka" ndipo kazi ilipo. Chukua picha zilizopigwa baada ya mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita iliyokwisha chini ya saa moja. Majumba ya Sultani yamebomolewa, nguzo zimekaa ovyo. Ukishika nguzo moja ukaifanya rula, umeinyoosha nguzo na kuipindisha bahari. Bahari ndiyo ya kuaminiwa hapo, haikupigwa bomu ikainama.

Au Beit al Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka wakati jengo likiwa katika matengenezo, watu wawili wakafariki. Mtu anayetaka kujua nguzo ipi ilianza kuondoka mahali pake na lini, atakwenda kuzitafuta picha za zamani. Akikuta kila moja imeshanyooshwa kwa kufuata nguzo zenyewe, atasoma nini? Kila nguzo itamwambia mimi mzima.

Michenzani nayo ina mtego wake. Yale majumba ya maendeleo ni marefu mno, wengine waliyaita treni. Ukisimama karibu na mzunguko wa barabara ukalipiga jengo linavyokwenda mbali, mstari wa paa unashuka kwenye picha kwa sababu ya umbali tu. Nimeona vijana wakiushika mstari huo kama ndio usawa wa dunia. Matokeo yake jengo linalala vizuri, lakini nguzo za taa na watu wote wanaanguka. Dawa ni kutafuta kitu kilichosimama wima katikati ya picha, kona ya ukuta au mlingoti, na kupima kwa hicho. Kilicho pembeni usikiamini, lenzi pana inakipinda.

Majumba yenyewe ni hadithi ya rula. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuisaidia Zanzibar, na fleti za Kikwajuni zilitangulia. Mwaka 1968 ukatoka mpango wa mji uliosimamiwa na Mjerumani Hubert Scholz. Mzee Karume akataka watu wa Ng'ambo watoke kwenye nyumba za udongo na makuti wakae kwenye fleti zenye maji na umeme. Barabara mbili pana zikakatiza pale Michenzani, na majumba yakapangwa kuzifuata. Ujenzi ulitumia pia nguvu za wananchi kwa kazi za kujitolea. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kazi ikiwa bado, na mengine yakaendelea kujengwa baada yake.

Lakini pale hapakuwa kiwanja kitupu. Palikuwa na mitaa, vichochoro vinavyokwenda vinapotaka, baraza, visima, watu wanaojuana kwa majina ya bibi zao. Ili mstari upite, nyumba ziliondolewa. Wapo waliohamia fleti kwa furaha na wanaoziombea dua mpaka leo, tusiwasemee. Na wapo ambao hawajaacha kuulizia walipotoka.

Bibi mmoja anayekaa kwenye fleti hizo aliwahi kuniletea picha aliyopigwa na jamaa yake miaka ya 1970, jumba lao likiwa jipya. Imepinda kweli kweli. Jumba limekaa katikati, na ukingoni kabisa mwa kushoto panaonekana paa la makuti na kipande cha baraza. Picha hiyo ilishapita kwenye gazeti moja, na fundi wa kurasa alikuwa ameinyoosha. Bibi alikuwa na kipande cha gazeti pia, akakiweka kando ya picha yenyewe, akaniuliza: "Mwanangu, na kwetu mmekupeleka wapi?"

Kwao ni lile baraza. Ndicho kipande pekee cha nyumba ya wazazi wake kilichobaki kwenye karatasi.

Hesabu yake ni nyepesi, nimeifanya mwenyewe. Picha yenye umbo la tatu kwa mbili ukiizungusha nyuzi 1 tu na kutaka ibaki na umbo lile lile, unapoteza karibu asilimia 5 ya eneo lake. Nyuzi 3, asilimia 14. Nyuzi 5, zaidi ya asilimia 20, yaani sehemu moja ya tano ya picha imekwenda! Na inayokwenda ni kingo, sehemu ambayo mpiga picha hakuikusudia. Kwa mtu wa historia hiyo mara nyingi ndiyo yenye utamu. Katikati kuna kile ambacho serikali ilitaka kionekane, na pembeni kuna nguo zimeanikwa, foleni, nyumba inayosubiri kubomolewa.

Kwa sheria za kazi yetu kunyoosha si kosa. Mashirika makubwa ya habari yanaruhusu kupunguza kingo, kinachokatazwa ni kuongeza au kuondoa kitu ndani ya picha. Mwaka 2010 World Press Photo walimnyang'anya tuzo Stepan Rudik kwa kufuta kipande cha mguu wa mtu kilichokuwa kimechungulia. Jambo la kuchekesha ni kwamba picha ile ile alikuwa ameipunguza sana kingo, na hilo halikuwa tatizo. Kukata mtaa mzima ni halali, kufuta ncha ya kiatu ni haramu. Naielewa hoja yao, ila mbele ya yule bibi ningeshindwa kuitetea.

Na sasa limekuja kubwa zaidi. Tangu 2016 Photoshop inaweza kuzungusha picha bila kukata, zile pembe tupu ikazijaza yenyewe kwa kubuni. Tangu 2023 inabuni kwa akili bandia, vizuri kiasi kwamba jicho halishtuki. Ukiipa picha ya bibi, pembe ya kushoto itapata mnazi mzuri, au ukuta, au nyumba ya makuti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishi ndani yake. Afadhali pembe nyeupe.

Basi ombi langu kwenu wadau. Mwenye picha za Ng'ambo za kabla ya majumba, au za wakati yanajengwa, aziskani na kingo zake zote, pamoja na ile fremu nyeupe ya karatasi. Kisha aigeuze picha na kuskani nyuma, kuna mihuri ya studio na maandishi ya kalamu. Faili hilo liwekwe kama lilivyo, limepinda hivyo hivyo. Anayetaka kunyoosha kwa ajili ya gazeti au ukutani atengeneze nakala, na kwenye maelezo aandike kwamba imenyooshwa.