Nyumba ya Mstari

Nyumba niliyolelewa na bibi hapa Dongobesh aliijenga babu kwa mikono yake. Miti alikata yeye, udongo akaukanda bibi na wanawake wenzake. Serikali haikutoa hata msumari. Lakini mpaka anafariki, bibi alikuwa akiiita "nyumba ya serikali". Kwao hasa, alisema, ni kule juu kilimani, lilikobaki jiwe la kusagia na mti mmoja.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya uzee tu. Siku hizi naona alikuwa na hoja.

Ndugu msomaji, tukitaja nyumba za umma wengi wetu tunawaza Dar es Salaam. Ni haki. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, Uhuru hata haujapoa, likaanza kubomoa vibanda vya udongo, Magomeni na kwingineko, na kujenga nyumba za matofali ya saruji. Aprili 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Jengo la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe halikalii lote, lilichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi walionyang'anywa walikuwa watu wenye asili ya Asia. Mjomba wangu, aliyekwenda Arusha mjini kutafuta kazi, alipanga chumba katika nyumba ya Msajili, akawa anatutambia eti yeye anakaa ghorofani. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikahamishiwa Shirika la Nyumba.

Huku kwetu mambo yalikwenda namna nyingine. Wairaqw wa zamani walikaa mbalimbali, kila mji na mashamba yake. Nyumba ilikuwa tembe, paa lake la udongo, na nyingine zilichimbiwa ubavuni mwa kilima ili adui asizione kwa mbali. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Ndiyo Operesheni Vijiji. Mjini serikali ilijenga nyumba, mtu akahamia. Huku ilichora mstari, mtu akajenga mwenyewe.

Sitaki kusema uongo: mstari ule ulikuwa na faida. Shule ilikuwa karibu, na mie nilifika darasani viatu vikiwa bado vikavu. Bibi naye alipougua, zahanati haikuwa safari ya siku nzima. Lakini shamba la babu lilibaki kule juu, na baada ya miaka michache akapewa mtu mwingine.

Hayo hayakuwa ya babu peke yake. Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati ule ikiwa Wilaya ya Mbulu na leo Karatu, Mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay walikwenda mahakamani mwaka 1987 kudai ardhi waliyoondolewa wakati wa Operesheni. Wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila katika ardhi za namna hiyo na kuzuia kesi zake. Baba na mwana wakaipinga sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, akiongoza Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema haki ya mtu katika ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki. Si kila kifungu kilibatilishwa, lakini neno hilo likabaki.

Sasa tazama Magomeni Kota. Kaya 644 zilikuwa zikikaa huko katika nyumba za umma, nyingine kwa vizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikaondolewa, nyumba zikabomolewa, na kiwanja kikakaa kitupu miaka mingi. Wale watu hawakutawanyika wakasahau. Waliendelea kudai warudi pale pale, mpaka Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa mapya yaliyojengwa kwa ajili yao. Kwenye karatasi walikuwa wapangaji, lakini walipadai kama kwao. Bibi hakuwa mpangaji wa mtu, na bado nyumba yake aliiona ya serikali. Basi tofali na karatasi hazitoshi kutuambia nyumba ni ya nani. Inabidi tuulize pia nani alichagua mahali pake.

Mwaka jana binamu yangu alisema turudi kilimani, tudai. Nikapanda naye. Jiwe la kusagia lipo. Lakini kando ya mti kuna makaburi mawili, si ya kwetu. Ni ya ile familia iliyopewa shamba. Mama wa mji ule alitukaribisha, akatupa maziwa, akauliza sisi ni wa nani. Nikataja jina la babu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mnatuondoa?"

Nikamwambia, "Hapana, mama, tumekuja kuona tu." Binamu hakusema neno. Tukashuka hadi kwenye mstari bila kuzungumza, na hilo jambo bado hatujalimaliza.