Kumfungulia mbwa kamba ufuoni: mambo ya kujua kwanza

Mjini Berkeley, Marekani, tangu 1979 kuna uwanja uliozungushiwa ua ambapo mbwa hukimbia bila kamba. Sisi wenye mbwa hapa Mombasa tunategemea ufuo: Nyali, Bamburi, Shanzu. Ufuo hauna ua. Kuna watoto, wavuvi na nyavu zao, ngamia wa kupandwa, na watu wenye udhu wanaoelekea msikitini. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, ua ni mwenye mbwa mwenyewe. Kama hawezi kumzuia mbwa wake kwa sauti, basi amzuie kwa kamba.

Chanjo

Mbwa asiyechanjwa asifike ufuoni kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Weka cheti. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na lengo hilo halitafikiwa bila sisi wafugaji.

Mtu akiumwa, hata kwa mkwaruzo tu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua. Dalili zikishamtokea binadamu, kupona ni nadra mno.

Kuitika

Kabla ya kumfungua, mfundishe kuja akiitwa. Anza nyumbani, halafu tumia kamba ndefu ya mita kumi hivi mahali pasipo watu. Muite, na kila akija mpe kipande cha nyama. Usimpige akichelewa, maana atajifunza kwamba kurudi kwako kuna kipigo. Wala usimuite wakati wa kuondoka tu. Muite mara nyingi, mtuze, umwachie tena. Siku atakapoacha kumfukuza kunguru ili akujie, hiyo ndiyo siku ya kufikiria kufungua kamba.

Wakati

Mimi huenda alfajiri, siku za kazi, maji yakiwa yamekupwa. Ufuo huwa mpana na kila mtu hupata njia yake. Bamvua likijaa, sehemu nyingine maji hugonga kuta, na anayemwogopa mbwa hana pa kupishia. Wikendi, sikukuu na Idi, kamba isifunguliwe. Mchana mchanga huunguza nyayo za mnyama. Mchukulie pia maji ya kunywa, kwani akinywa ya bahari ataharisha.

Haki ya jirani

Wengi wetu Pwani tunafuata madhehebu ya Shafi. Mbwa mwenye majimaji akimgusa mtu, au akimlamba, pale palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana rai nyingine, lakini huwezi kumlazimisha jirani afuate rai inayokufaa wewe. Mbwa aliyetoka kuogelea akimrukia mtu mwenye kanzu, umemtia kazini na pengine umemkosesha jamaa. Kumwambia "haumi huyu" hakumsaidii kitu. Ukimwona mtu anakuja, muite mbwa, mshike, mpishe apite. Mimi hufanya hivyo hata kwa asiyeonyesha hofu.

Kuna na wengine wanaodhurika. Kasa hutaga mchangani usiku, na mayai hukaa kama miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mbwa mmoja anayefukua anaweza kumaliza kiota kizima. Penye kiota kilichowekewa alama, pita na kamba mkononi.

Kinyesi

Beba mfuko, zoa, uondoke nacho. Kukifukia mchangani hakutoshi. Minyoo ya mbwa hubaki mchangani na huingia kwenye ngozi ya anayetembea pekupeku, ikaacha mstari mwekundu unaowasha vibaya. Mpe mbwa dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza.

Nawasikia wafugaji wenzangu wakilalamika kwamba watu wa Pwani hawapendi mbwa. Mimi naona watu wengi hawamchukii mbwa. Wanachochukia ni kurukiwa, kuogopeshewa watoto na kukanyaga kinyesi. Hayo matatu yamo mikononi mwetu. Tusipoyashika, siku moja mtoto ataumwa, na hapo tutakatazwa ufuo sote, hata yule ambaye mbwa wake huitika kwa neno moja.