Wanagenzi wa Madison

Katika mji wa Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin huko Marekani, iko barabara isiyotimia maili moja. Ncha yake moja imeegemea jengo la bunge la jimbo, na ya pili yafika kwenye Chuo Kikuu. Atakaye kujua namna wanafunzi wa shahada za juu walivyozoea kuifanyia serikali utafiti, na aianze safari yake hapo.

Mwaka 1901 Charles McCarthy, mwana wa wahamiaji wa Kiayalandi, alipata udaktari wa historia katika Chuo hicho, na mwaka huohuo akapewa kazi bungeni, kuwatafutia wajumbe hati na vitabu. Aliona jambo moja lililomsumbua: makampuni makubwa yalikuwa na mawakili wa kuyashughulikia mambo ya sheria, ilhali mjumbe wa kawaida hakuwa na mtu. Basi akakusanya sheria za majimbo mengine, vipande vya magazeti na miswada, hata ile iliyoshindwa. Yeyote aliyetaka kutunga sheria alisaidiwa, awe wa chama gani.

Mwaka 1904 akaja John R. Commons, mwalimu wa uchumi. Huyu hakupenda mwanafunzi ajifunze kazi na mishahara kwa kusoma vitabu tu. Ilipopitishwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini, mwaka 1911, Commons mwenyewe aliingia katika tume ya kuisimamia, na wanafunzi wake wakapata kazi humo. Mmoja wao, Edwin Witte, alikuwa katibu wa tume hiyo tangu 1917, kisha mkuu wa maktaba ya McCarthy kuanzia 1922. Udaktari wake aliupata mwaka 1927, akiwa tayari mtu mzima wa ofisini. Mwaka 1934 aliitwa Washington kuongoza kazi iliyozaa sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935. Sidhani kama uanagenzi wowote umelipa zaidi ya huo.

Si wote waliofurahi. Emanuel Philipp alipogombea ugavana mwaka 1914 aliishutumu maktaba hiyo kuwa ni kiwanda cha miswada, akataka ifungwe. Alishinda, lakini alipokwisha kuiona kazi yake kwa karibu, aliiacha iendelee.

Karne moja baadaye zamu ikawa ya Chuo chenyewe. Mwezi wa Februari 1915 ulikuwa umekwisha pita miaka mia moja barabara, pale bajeti ya Gavana Scott Walker ilipoletwa bungeni mwaka 2015. Ndani yake sheria ya Chuo Kikuu ilikuwa imebadilishwa: maneno juu ya kuitafuta kweli yamefutwa, na pamewekwa mahitaji ya jimbo ya watu wa kazi. Makelele yalipozidi, gavana alisema ni kosa la uandishi, na maneno yakarudishwa.

Lakini ofisi aliyoianzisha McCarthy ingalipo, nayo bado huweka jalada la kila mswada, pamoja na maelekezo aliyopewa mtungaji. Waandishi wa magazeti walikwenda wakalifungua. Maagizo ya kuyafuta maneno hayo yalikuwamo, yametoka katika serikali ya gavana mwenyewe.