Udhibiti wa Halijoto katika Mashine ya Espreso yenye Kibadilisha Joto

Mashine ya espreso yenye kibadilisha joto ni mashine ya kahawa ambayo boila yake moja hutoa mvuke wa kupasha maziwa na papo hapo hupasha maji ya kahawa, bila maji ya upande mmoja kugusana na ya upande mwingine. Maji ya kahawa hupita ndani ya bomba la shaba lililozamishwa katika boila. Mvuke wenye nguvu huhitaji boila yenye nyuzijoto 120 hivi za Selsiasi, ilhali espreso huhitaji maji ya nyuzi 88 hadi 96. Nyuzi hizo zinazozidi lazima zipotee mahali fulani kabla maji hayajaigusa kahawa, na katika mashine ya aina hii kazi ya kuzipoteza ni ya mtengenezaji kahawa zaidi kuliko ya mashine.

Chimbuko

Mashine za mwanzo wa karne ya 20, kama ile ambayo Luigi Bezzera wa Milan aliipatia hataza mwaka 1901, zilisukuma maji kwa presha ya mvuke wa boila. Maji yalitoka ya moto mno na kahawa ikawa chungu. Achille Gaggia aliondoa utumwa huo wa mvuke kwa wenzo na springi, na mashine zake zikaingia sokoni mwaka 1948. Hatua iliyoeneza kibadilisha joto ilikuja mwaka 1961, kampuni ya Faema ya Ernesto Valente ilipotoa mashine ya E61, iliyopewa jina kutokana na kupatwa kwa jua kulikoonekana Italia tarehe 15 Februari mwaka huo. Pampu ya umeme ilichukua maji baridi, ikayapitisha kwenye kibadilisha joto na kuyafikisha kwenye kahawa kwa presha ya baa 9 hivi. Umbo la kichwa chake cha kutolea kahawa, pande la shaba lenye uzito wa kilo 4 hivi, bado linatengenezwa na viwanda vingi hadi leo.

Maji yanavyopata joto na kulipoteza

Mashine ikiwa imetulia, maji yaliyo ndani ya bomba huendelea kupokea joto la boila na huweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamefungiwa kwa presha. Kutoka hapo huzunguka yenyewe: yaliyo moto hupanda kwa bomba la juu hadi kwenye kichwa cha kahawa, hukiachia joto, hupoa kidogo, kisha hushuka kwa bomba la chini na kurudi kwenye kibadilisha joto ndani ya boila. Mzunguko huu, uitwao themosifoni, hauna pampu wala umeme. Ndio unaokiweka kichwa katika joto, na ndio unaokifanya kichwa hicho kihitaji nusu saa au zaidi baada ya kuwashwa kabla hakijawa tayari, hata kama mshale wa geji ya presha ya boila ulishafika mahali pake zamani.

Pampu inapowashwa, maji baridi huingia bombani na kuyasukuma yale ya moto mbele yake. Yakipita kwenye shaba nzito ya kichwa, ambayo ni baridi kuliko yenyewe, maji hupoteza nyuzi kadhaa zaidi. Kwa hiyo halijoto ya kikombe kimoja haisimami mahali pamoja: huanza juu, hushuka, kisha hutulia. Joto la maji yanayoifikia kahawa hutegemea muda ambao mashine ilikaa bila kazi, ubaridi wa maji yanayoingia, upana wa bomba na joto la kichwa chenyewe.

Hapa ndipo penye jambo linalowashangaza wanaoanza. Katika mkahawa wenye foleni, mashine hii hutoa kahawa nzuri karibu bila kuangaliwa, kwa kuwa maji hayapati nafasi ya kukaa bombani yakapitiliza joto linalotakiwa. Katika mkahawa mtupu, au nyumbani, kikombe cha kwanza baada ya mapumziko hutoka kimeungua. Mashine haijaharibika, imesubiri mno.

Kumwaga maji ya kupoza

Dawa yake ni kumwaga maji kabla ya kutengeneza kahawa. Kishikio cha kichungi huondolewa, pampu huwashwa, na maji yaliyopitiliza huachwa yatoke. Mwanzoni hutoka kwa vurugu: yanatokota, yanarusha matone na mvuke, kwa sababu yanapokutana na hewa ya kawaida hayawezi tena kubaki maji huku yakiwa na joto lile. Baadaye vurugu hupungua na mkondo huwa laini, ukinyooka kama uzi. Wakati huo sikio hufanya kazi nzuri kuliko jicho, maana mlio hubadilika kabla mkondo haujabadilika.

Kuna mazoea mawili. La kwanza ni kumwaga hadi mlio ukome, kuongeza sekunde chache kulingana na mashine, kisha kufunga kishikio na kutoa kahawa palepale. La pili ni kumwaga kwa wingi hadi bomba lote lijae maji mapya, kisha kusubiri yapande hadi joto linalotakiwa, mara nyingi kwa nusu dakika au zaidi. Zoea la kwanza hufaa mashine ambazo maji yake hushuka joto taratibu; la pili huwapa nafasi wanaotaka kusaga na kushindilia kahawa wakati mashine inajirudi. Kiasi cha kumwaga hutofautiana sana, kwa kawaida kati ya mililita 60 na 150, na hakuna namba moja inayoweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Anayenunua mashine na kufuata sekunde za jirani yake anajitafutia kahawa mbaya.

Mwinuko wa mahali

Maelekezo mengi ya kumwaga maji yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na kwa Afrika Mashariki hilo lina madhara. Mlio wa kutokota hukoma maji yanaposhuka chini ya kiwango cha kuchemka cha mahali hapo. Dar es Salaam au Mombasa kiwango hicho ni nyuzi 100, hivyo mlio unapokoma maji bado ni moto kupita kiasi na inafaa kumwaga zaidi kidogo. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Huko mlio ukikoma, maji tayari yako ndani ya kiwango cha espreso. Barista aliyejifunzia pwani akiongeza sekunde alizozizoea, kahawa itakuwa chachu, naye huenda akalaumu kahawa yenyewe au usagaji. Addis Ababa, iliyo juu zaidi, maji ya nyuzi 93 hutokota kidogo yakitoka kichwani ingawa yanafaa kabisa. Ndani ya kichungi, chini ya presha ya pampu, hayachemki.

Geji nayo huathirika. Hupima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na hewa ya Nairobi ni nyepesi. Baa 1 kwenye geji pwani humaanisha boila ya nyuzi 120. Mshale ukisimama palepale Nairobi, boila ina nyuzi 117 hivi.

Presha ya boila

Swichi ya presha huwasha na kuzima kipashio ili boila ibaki, kwa kawaida, kati ya baa 0.8 na 1.3. Kila badiliko la baa 0.1 huhamisha joto la boila kwa takriban nyuzi moja na nusu. Kupunguza presha hupunguza maji ya kumwaga, lakini hudhoofisha mvuke, na anayeuza kapuchino atalijua hilo saa ya kwanza. Ni busara zaidi kupanga presha kwa ajili ya maziwa na kuiachia kahawa umwagaji wa maji. Fundi anaweza pia kubana bomba la themosifoni ili mzunguko uwe wa polepole na kichwa kisipate joto la kupindukia.

Vidhibiti vya kielektroniki vimechukua nafasi ya swichi katika mashine nyingi mpya. Hutuliza boila, lakini mnunuzi asidhani kwamba namba iliyo kwenye skrini ni joto la maji yanayogusa kahawa. Joto hilo hupimwa kwa kipimajoto kilichoingizwa katika kichwa, au kwa kichungi bandia chenye kihisi cha joto na tundu dogo linaloiga ukinzani wa kahawa.

Ulimi kama kipimo

Kahawa iliyotolewa kwa maji ya chini mno huwa chachu na nyepesi. Ya maji ya moto mno huwa chungu, yenye kukausha kinywa. Kahawa iliyokaangwa sana hustahimili nyuzi za chini, na taasisi ya Istituto Nazionale Espresso Italiano ilitaka maji yatoke kichwani kwa nyuzi 88, yakizidi au kupungua kwa 2. Zile za Kenya au Kilimanjaro zilizokaangwa kidogo hupendeza zaidi kuanzia 93. Usagaji hutoa dalili zinazofanana, kwa hiyo unasawazishwa kwanza.

Chokaa

Maji ya visima vya pwani, yaliyopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Mvuke ukitoka, chokaa hubaki katika boila na kuganda juu ya bomba, joto likapenya kwa shida, na mashine ikahitaji muda mrefu zaidi kujirudi. Anayeona kiasi cha maji alichozoea kumwaga hakimpi tena ladha ileile akague maji kabla ya kugusa swichi.

Mashine za boila mbili, zilizoanza na La Marzocco GS ya mwaka 1970, ziliondoa sehemu kubwa ya kazi hii kwa kuipa kahawa boila yake. Mkahawa unaouza vinywaji vya maziwa mfululizo hauna sababu ya kuzilipia. Anayetoa espreso moja moja ya kahawa iliyokaangwa kidogo anayo.