Okestra ya Hallé ya Mji wa Manchester

Wazee wetu walilijua jina la Manchester kwa ajili ya nguo. Baadhi ya kanga zilizovaliwa pwani zilipigwa chapa huko, na hapo kwanza pamba ya Uganda nayo ilipelekwa katika viwanda vya jimbo lile. Lakini mji huo wa moshi na vyerehani una sifa ya pili, ambayo haikusafiri na marobota ya nguo. Nayo ni okestra yake.

Okestra ni kundi kubwa la wapiga muziki, pengine themanini au zaidi: fidla kubwa na ndogo, filimbi, baragumu, matarumbeta na ngoma. Kila mtu ana karatasi yake mbele yake, na mmoja husimama mbele yao na kijiti mkononi awaongoze. Simfoni ni muziki mrefu uliotungwa kwa kundi kama hilo, mara nyingi wenye sehemu nne.

Mwanzilishi wake alikuwa mgeni. Charles Hallé alizaliwa mwaka wa 1819 katika mji wa Hagen, Ujerumani, akaenda Paris angali kijana, akapata riziki kwa kupiga na kufundisha piano. Mwaka wa 1848 wananchi wa Ufaransa walimwondoa mfalme wao. Matajiri wakakimbia, na wanafunzi wa Hallé wakatoweka pamoja nao. Basi akavuka bahari kwenda Uingereza, na mwisho akaitwa Manchester. Aliposikia mara ya kwanza jinsi wapigaji wa huko walivyopiga, alihuzunika hata akataka kufunga mizigo yake aondoke. Walakini alikaa, akaanza kuwatengeneza.

Mwaka wa 1857 yalifanywa maonyesho makubwa ya picha mjini humo, na watu zaidi ya milioni moja walikwenda kuyatazama. Hallé aliombwa kuweka muziki kila siku, akakusanya wapigaji wazuri kutoka mbali na karibu. Maonyesho yalipokwisha aliona uchungu kuwaacha watawanyike. Akakata shauri kuwashika kwa fedha yake mwenyewe, na tarehe 30 Januari 1858 wakapiga tamasha lao la kwanza katika jumba la Free Trade Hall.

Hapo kabla muziki wa namna ile ulikuwa wa mabwana wenye chama chao. Hallé alifungua mlango kwa kila mtu aliyelipa kiingilio, akaweka na viti vya bei rahisi ili watu wa kazi nao waingie. Kwanza viti vingi vilikuwa vitupu, na hasara ikaongezeka kila juma, hata waliomsimamia hesabu wakamsihi aache. Yeye akakataa. Yalipotimia matamasha 30 hesabu ilifungwa, na akaletewa faida yake: vipande kumi vipya vya peni tatu tatu. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji, utaona ya kuwa ni peni moja kwa kila tamasha! Wafanyi biashara wengi wangalifunga duka siku ile ile. Hallé aliendelea miaka 37 zaidi, mpaka alipokufa mwaka wa 1895.

Baada yake mji haukukubali okestra ife, na mwaka wa 1899 akaletwa Hans Richter, mwongozaji mashuhuri. Ni yeye aliyeongoza, tarehe 3 Desemba 1908, simfoni ya kwanza ya Edward Elgar, ambayo haijapata kusikiwa mahali popote kabla ya usiku ule.

Hatari kubwa ilikuja na Vita Kuu ya Pili. Katika Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza Free Trade Hall, zikabaki kuta tu. Vijana walikuwa vitani. Tena karibu nusu ya wapigaji walikuwa wakitumika pia katika okestra ya redio, na mwaka wa 1943 walipotakiwa kuchagua upande mmoja, waliochagua Hallé walikuwa wanne tu. Siwalaumu waliobaki redioni. Mshahara wa hakika wakati wa vita si jambo dogo.

Ndipo alipofika John Barbirolli kutoka New York, alikokuwa ameongoza okestra yenye sifa kubwa. Alidhani ameitiwa okestra, kumbe ameitiwa mabaki yake, na tamasha la kwanza lilikuwa limekwisha kutangazwa, nalo lilibakiza mwezi mmoja tu. Akasikiliza watu asubuhi hata usiku, wala hakuuliza umri wala kazi. Mpiga filimbi mkuu alikuwa mwanafunzi wa shule. Mmoja wa wapiga baragumu alikuwa mwalimu mwanamke. Wengine walitoka katika bendi za matarumbeta. Tarehe 5 Julai 1943 walipiga Bradford, na waliosikiliza walisema hii ni Hallé kweli.

Kwa miaka walizunguka katika majumba ya sinema, hata katika ukumbi wa sarakasi wa Belle Vue, mpaka Free Trade Hall ilipofunguliwa tena mwaka wa 1951. Barbirolli aliitwa London mara kadha, kwa okestra iliyo tajiri kuliko yake, akakataa; alibaki mwongozaji mkuu wa Hallé hata mwaka wa 1968. Tangu mwaka wa 1996 okestra ina nyumba mpya, Bridgewater Hall, nayo hupiga humo hata leo.