Sehemu ya 5: Kwa nini fomu inakuuliza kama unapika

Tangu sehemu ya 4 swali limekuwa lile lile: “Nesi, naomba mafao ya ulemavu kwa sababu ya wasiwasi ulionizidi nguvu. Mbona fomu inaniuliza kama napika, nafua, naenda dukani? Wanataka kujua ugonjwa wangu au jiko langu?”

Swali zuri. Maswali hayo yana historia, na watu waliumia kabla hayajaandikwa.

Hapa Marekani sheria ya Hifadhi ya Jamii ilisainiwa na Roosevelt mwaka 1935, lakini mfanyakazi aliyeshindwa kazi kwa ugonjwa hakuwekewa fao lake. Lilikuja 1956, tena kwa wenye miaka 50 hadi 64 tu. Kikomo hicho cha chini kiliondolewa 1960. Hao wote ni watu waliochangia wakiwa kazini. Mama asiye na michango ya kutosha, mwenye kipato na mali kidogo, alifunguliwa mlango na SSI, iliyoanza kulipa Januari 1974. (Sisi wahamiaji tuna masharti ya ukaazi juu ya hayo, nitayaandikia sehemu yake.)

Kwa mafao yote mawili, jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Wanaangalia unakuzuia kazi kiasi gani, na kama umedumu au utadumu angalau miezi 12. Mwenye uti wa mgongo ulioharibika anapeleka picha. Mwenye wasiwasi anapeleka nini?

Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Mwaka 1980 Kongresi ilipitisha sheria kwamba wanaolipwa wakaguliwe upya, angalau kila miaka mitatu kwa wale ambao ulemavu wao haukuhesabiwa kuwa wa kudumu. Serikali ya Reagan ilianza Machi 1981, kabla hata ya tarehe iliyowekwa na sheria, na ikaenda kwa kasi. Barua za kukatiwa mafao zikamiminika kwa malaki ya watu. Wenye maradhi ya akili walikatwa kupita idadi yao. Na jamani, fikirieni: mtu anayeogopa hata simu ikilia ndiye anayetakiwa afungue bahasha, aisome, akate rufaa kwa wakati.

Wengine walienda mahakamani. Minnesota, mwaka 1982, jaji wa shirikisho aliona kwamba maofisa walikuwa na desturi yao: mgonjwa wa akili mwenye umri chini ya miaka 50, kama hakufikia vigezo vya orodha yao, walichukulia tu kwamba anaweza kazi zisizohitaji ujuzi. Hawakumwangalia yeye kama yeye. Faili lilihukumiwa, mtu hakuonekana.

Juni 1983 waziri Margaret Heckler akasimamisha sehemu kubwa ya ukaguzi wa kesi za maradhi ya akili. Mwaka uliofuata Kongresi ikapiga kura, 402 kwa 0 upande mmoja, 99 kwa 0 upande mwingine. Mimi sijui ni mara ngapi wale watu wanakubaliana hivyo! Sheria ikaagiza vigezo vya maradhi ya akili viandikwe upya, na vikatoka 1985.

Wasiwasi ukapewa namba yake, 12.06. Vigezo vikauliza maisha ya kila siku yanaendaje, unakaaje na watu, unaweza kutulia na jambo mpaka liishe, na kazini hali inakuharibikia mara ngapi. Hata mtu asiyeweza kabisa kujitegemea nje ya nyumba yake aliandikiwa kifungu. Januari 2017 vipengele vilipangwa upya, ila msingi ni ule ule. Kwa hiyo swali la jiko halikuwekwa kukutega. Liliwekwa ili uonekane wewe.

Lakini sisi tuna tatizo letu. Tumelelewa kujibu “sijambo” hata nyumba ikiwa na msiba. Mgonjwa mmoja, mama wa watoto wawili, nilimsalimia kwa Kiswahili akajibu, “Nzuri tu, dada.” Nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Ombi lake lilipokataliwa, sentensi yangu ilikuwemo kwenye barua. Siku ile ile alikuwa ameniambia, wakati navua glovu, kwamba hajaenda dukani tangu mtoto wa pili azaliwe, na kwamba dada yake ndiye anayempeleka mkubwa shule. Sikuliandika. Nililiona ni mazungumzo.

Siku hizi nauliza salamu, halafu nauliza tena. Na nyinyi, kwenye fomu, mkiulizwa kama mnapika, msijibu “ndiyo” mkaishia hapo. Andikeni kama ilivyo: napika uji, mara mbili kwa wiki, siku nyingine mikono inatetemeka nazima jiko naenda kulala, mume anamalizia. Wakiuliza nani anakusaidia watoto, mtajeni. Siyo kujidhalilisha, wala msiongeze chumvi. Na mkifika kwa daktari semeni hayo hayo, mhakikishe yameandikwa.

Yule mama alikata rufaa ndani ya siku 60 zilizotajwa kwenye barua, safari hii dada yake akajaza fomu yake pia, ile ya mtu anayekufahamu. Bado tunasubiri jibu. Sehemu ya 6 nitaandika kuhusu hiyo fomu ya dada.