Reli Iliyoishia Pakwach

Kwa mkazi wa Pajulu, pembezoni mwa jiji la Arua, kituo cha reli cha jirani kiko Pakwach, umbali wa zaidi ya kilomita 120, chini ya vilima vya Nebbi. Nacho kimekaa bila treni tangu miaka ya 1990.

Ahadi ya reli huku ni kongwe kuliko mpaka wetu. Mwaka 1906, West Nile, eneo letu hili, ikiwa sehemu ya eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yeye na Waingereza walikubaliana ijengwe reli kutoka mpaka wa Kongo hadi Mto Nile karibu na mji wa Lado. Leopold akafariki mwaka 1909, Lado ikaenda Sudan, na mwaka 1914 West Nile ikatiwa Uganda. Reli ile haikujengwa.

Kwa hiyo safari ya kusini ilikuwa ya kubadilisha vyombo. Vijana wa Kilugbara na Kialur waliotafuta kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi waliteremka hadi Nile, wakapanda meli hadi Butiaba, kisha gari hadi Masindi Port, meli nyingine kupitia Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo ndipo walipoiona treni ya Jinja. Meli iliyovuma zaidi katika Ziwa Albert ilikuwa Robert Coryndon. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda, yakaifunika bandari ya Butiaba, na meli hiyo ikazama.

Wakati huohuo reli ilikuwa njiani. Ilikuwa imekomea Soroti tangu 1929. Ikafika Lira 1962, Gulu 1963 na Pakwach 1964. Kwa mara ya kwanza mtu wa West Nile aliweza kupanda behewa ukingoni mwa Nile akateremkia Tororo. Kupanda vilima hadi Arua, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hakukujaribiwa. Kisha vikaja vita vya kaskazini mwa Uganda na uchakavu. Mwaka 2013 treni za mizigo zilirudi Gulu; Pakwach ikaachwa.

Mpango wa reli ya kisasa, SGR, una tawi la Gulu kupitia Pakwach hadi mpaka wa Kongo. Lakini mkataba uliotiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, ni wa Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Wabunge wa West Nile waidai serikali tarehe ya tawi letu, tena kwa maandishi.